Meduze wa Papa na Neno Lililovuka Ziwa

Papa yangu,

Jambo. Nakuamkia kwanza, kwa sababu ulinifundisha kwamba hata mwenye hasira huamkia. Halafu nikuulize: ulikuwa na akili gani, Papa, mtu mzima mwenye mke na mtoto na kazi ya bandarini, ukafuga meduze ndani ya chupa?

Najua. Utasema nianze kwa utaratibu, sio kuruka-ruka kama ndagala kwenye wavu. Sawa. Nianze na chupa. Ile chupa kubwa ya tumbo, ya divai ya wazungu wa zamani, uliiokota nyuma ya bohari la bandari. Ukaizungushia shingoni uzi uliolowa petroli, ukauwasha, ukamwaga maji ya baridi, na shingo ikakatika vizuri kabisa. Kabla ya hapo ulikuwa umejaribu sanduku la vioo vya madirisha, lakini wale wadudu wako walikwama kwenye pembe wakachanika. "Hawa hawajue kona," ulisema. "Ziwa haina kona." Basi chupa ya duara ikapanda juu ya kabati, na vikombe vya harusi vya Mama vikahamia chini ya kitanda.

"Watu wanafuga kuku," Mama alisema, mikono kiunoni. "Wewe unafuga maji."

Na kweli, mgeni akiingia alikuwa anaona maji tu. Ilimbidi asogee, ainame, atulie, ndipo awaone: vitu vidogo kama kifuniko cha soda, havina rangi, vina nywele nyembamba pembeni, vinajikunja na kujikunjua. Wavuvi wa kwetu waliviita makohozi ya ziwa, wakavikung'uta kwenye nyavu bila kuvitazama mara mbili. Wewe ulivichota kwa kikombe, kwa sababu ukivishika kwa mkono vinapasuka. Jina la meduze ulilitoa kwa wazungu wa bandarini, na ulilitamka kwa heshima, kana kwamba ni jina la shangazi.

Umeme wa kutoka mitambo ya kule Bendera ulipokuwepo, kimota ulichokitoa kwenye redio iliyokufa kilizungusha maji. Umeme ukikatika, mkono. Maji yakisimama meduze wanazama, na akizama hainuki tena. Kazi hiyo ikawa yangu. Nilisimama juu ya kigoda na mwiko, nawe nyuma yangu unanisimamia kama mwalimu.

"Pole pole, upande mumoja. Hii haiko bugali."

Chakula chao ulikivuta ziwani kwa kitambaa cha kichwa cha Mama ulichokishona mfuko. Mama alikitafuta kitambaa kile miezi miwili, akamshuku jirani, akaacha hata kumsalimu. Mimi nilijua kiko wapi nikanyamaza, mpaka alipokikuta mwenyewe. Ulininunulia mkate wa sukari.

Halafu vita ikafika kwetu. Askari wakaushika mji, shule ikawa inafunguliwa leo na kufungwa kesho, umeme ukapotea moja kwa moja. Wewe uliendelea kwenda bandarini kila asubuhi kusoma ule mti wenye namba, maji yamepanda au yameshuka, na kuandika katika daftari. Wakubwa wako wote walikuwa wamekimbia. Nilikuuliza unamwandikia nani. Ukasema: "Ziwa haikimbiake." Nilifikiri unatania. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unatania.

Ndipo wale askari wakaanza kuwachukua watu wa bandarini wanaolijua ziwa, wawaongoze njia na mashua zao. Wenzako wawili walikwenda, hawakurudi. Mama hakungoja uamue. Nilimkuta anakunja mashati yako, anayakunja kwa nguvu kama anayapiga.

Ulivuka kwenda Kigoma, ng'ambo ya ziwa, mchana kweupe, katika mashua ya watu wa biashara, kama mtu anayekwenda kununua sabuni. Kabla ya kutoka uliinama kwenye chupa, ukawatazama meduze wako. Halafu ndipo ukaja kwangu. Chupa kwanza, mimi pili! Nimeibeba hiyo miaka yote, Papa. Ulinishika kichwa ukasema: "Angalia Mama yako. Na hawa usiwaache wazame."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Niliangalia. Nilikoroga asubuhi, nilikoroga mchana, nilikoroga huku namtajia Mama majibu ya hesabu. Nilichota maji mapya ziwani, nikavuta kitambaa. Hawakuzama.

Kipindupindu kikaingia. Unakijua chetu, kinakuja kama mgeni mwenye ufunguo wake mwenyewe. Nyumba ya pili kutoka kwetu walitoa watu watatu wiki moja. Wakagawa klore, ile dawa ya maji yenye harufu ya kuchoma pua, na Mama akaweka sheria: maji yoyote yanayoingia katika nyumba hii, kofia moja ya chupa ya klore katika kila bidoni ya kuchotea maji, na atakayesahau nitamtoa ngozi. Nami nilikuwa mtoto wa kutii. Siku moja nikaitazama chupa, nikaona haya. Sisi tunajikinga, nao je? Si watu wa nyumba? Wewe si ulisema niwaangalie? Nikawatilia kofia moja. Halafu nikaongeza nusu, kwa sababu niliwapenda.

Walijikunja, wakawa weupe kama yai lililoiva, wakashuka chini. Nikakoroga. Papa, hilo hukuniambia: ukikoroga, hata waliokufa wanazunguka. Siku mbili nilikoroga nikajidanganya.

Katika siku hizo Mama Feza akapita. Unamjua, yule mwenye vitenge, aliyekuwa anavuka kwenda na kurudi hata risasi zikilia. Mama alikuwa sokoni. Akakaa, akanywa maji, akasema: "Papa yako anakusalimia sana. Anauliza, meduze wake wanaendelea namna gani?"

Hivyo tu. Hukuuliza kama nakula, wala kama kipindupindu kimetufikia. Nikasema, na machozi yananishuka: "Umuambie wamekufa wote. Njo mimi niliwaua."

Aliitazama chupa, akanitazama mimi, akafunga kitenge chake vizuri. "Mm," akasema. Akaenda zake.

Tangu hapo hatukusikia neno lako tena. Mwezi, mwaka. Wakasema vita imekwisha. Watu wengine wa kule ng'ambo wakarudi na magodoro yao na watoto waliozaliwa huko. Wewe hapana. Mama akaamua: "Amepata mwingine Kigoma, mweupe, mwenye kusema Kiswahili cha kupinda mudomo." Mimi nikaamua: amekasirika, amenikataa kwa ajili ya meduze. Tulikaa nyumba moja, kila mtu na sababu yake, na hatukuulizana hata siku moja. Yeye alikutukana wakati wa kupepeta mchele. Mimi nilijitukana kimya kimya.

Na unajua kazi ninayofanya sasa? Cheka tu. Nakaa ufukweni na bomba la sindano lisilo na ncha, wanawake wanapanga bidoni zao, nami nawatilia klore. Siku nzima. Mikono yangu inanuka siku ile.

Mwezi uliopita Mama Feza alitokea. Alikuwa amehamia Kabalo, mbali na ziwa, siku nyingi, tulimsahau. Amekonda, anatembea na fimbo. Alinikuta hukohuko ufukweni, akakataa kiti, akaketi mchangani. Akaniambia hivi: "Binti, lile neno lako sikulifikisha."

Nikasema, neno gani? Nilijua neno gani.

Alisema hakuwahi kubeba neno la kifo juu ya maji, hata la mbuzi. Alikuwa na ziwa la kuvuka tena, na neno hilo ukilitamka mbali na kwenu linakufuata. Kwa hiyo alikukuta sokoni Kigoma, akakuambia kama watu wote wanavyosema: "Nyumbani wanaumwa kidogo. Urudi."

Papa, mimi ni mtoto wa huku. Najua maana yake, nawe uliijua. Nani wa kwetu asiyeijua? Nyanya alipokufa ulitumiwa neno hilohilo, ukatoka safarini Bendera mbio. Mtu akiambiwa wanaumwa kidogo, rudi, hamuulizi mjumbe nani. Ukimuuliza unamlazimisha atamke. Unafunga mzigo tu. Kipindupindu kilikuwa kinavuma pande zote mbili za ziwa. Ulifikiri nini? Ulifikiri ni mimi? Ni Mama? Au sote wawili?

Mama Feza anasema uso wako ulibadilika, lakini ulimshukuru. Alirudi kwenye vitenge vyake. Baadaye akashuka ufukweni, akakuona umekwisha kukaa ndani ya mashua, na kwapani una jora la kitambaa cheupe. Hapo ndipo akili ikamjia. Akakimbia mpaka maji yakamfika magotini, akaita, akapunga mikono: si watu! Si watu! Mashine ya mashua ilikuwa inanguruma. Wewe uliinua mkono ukamjibu. Ulifikiri anakupa pole.

Mashua ile haikufika kwetu, na hapa hakuna aliyejua kwamba umo ndani. Wengine walisema upepo, wengine walisema wenye bunduki. Mama Feza aliogopa kuja kwetu, siku zikawa miaka, na miaka ikawa aibu.

Sasa niambie, Papa, mimi nifanye nini na habari hii? Nimtukane? Nilimshika mkono nikamnyanyua, nikamnunulia chai na mkate, halafu aliposhika njia nikatamani kumrushia jiwe. Nikaona nafuu: kumbe hukunikasirikia! Miaka yote hii kumbe hukunikataa. Nikacheka peke yangu, wanawake wa bidoni wakatazamana. Kisha nikaikumbuka ile sanda, nikaona ni laana kucheka. Nafuu yangu na kifo chako vimekuja katika mdomo mmoja, siku moja, na siwezi kuchukua kimoja nikaacha kingine. Siku hiyo nilitia klore mara mbili katika bidoni ya mama mmoja mjamzito, ikabidi nimwage maji yake yote nimchotee mengine.

Na Mama? Nilikaa na neno hili wiki nzima. Anakula vizuri, anatukana vizuri, hasira yake kwako ndiyo fimbo anayotembelea. Nikimwambia hukuoa mwingine, ninampa mume mwema na ninamfanya mjane kwa wakati mmoja. Nilianza mara tatu nikaishia kwenye bei ya mihogo. Mwisho nikajikuta nasema, Mungu nisamehe: "Mama, Papa anaumwa kidogo."

Aliacha kupepeta. Akaweka ungo chini. "Usinifanye mutoto," akasema. "Sema."

Nikatandika mkeka, nikamweleza yote, klore, Mama Feza, jora la kitambaa. Nilipofika kwenye meduze aliinua uso akanitazama kwa mshangao.

"Wewe ulilia juu ya wale?" akasema. "Wale wanaishi miezi kiloko tu, miwili, mitatu. Papa yako alikuwa anawabadilisha. Unaenda masomo, yeye anaenda na kikombe yake. Ulifikiri ni walewale?"

Ndiyo, Papa. Nilifikiri ni walewale. Basi ulinipa nilinde kitu gani? Ulijua watakufa kabla hujafika hata nusu ya ukimbizi wako, ukaniambia nisiwaache wazame. Ulitaka nibaki ndani, mbali na barabara ya askari? Ulitaka nipate cha kufanya na mikono? Au ulisema tu, kama watu wanavyosema mambo mlangoni? Na kama Mama Feza angekuambia neno langu kama lilivyo, wamekufa wote, njo mimi niliwaua, si ungecheka? Ungecheka sana, kile kicheko chako cha puani, ungesema nitamchotea wengine, na ungekaa Kigoma mpaka vita iishe. Nageuza jambo hili huku na huku, linarudi palepale. Upande mmoja, pole pole.

Mama akavua kitambaa cha kichwa, akakishika mapajani.

"Kumbe alikuwa anarudi," akasema.

Halafu akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa asubuhi ileile, mpaka majirani wakaja, nami sikujua niwaambie nani amekufa na lini. Nikawaambia ni Papa. Wakakaa. Walileta makaa na sukari, wakalala matanga siku tatu, kwa kifo cha miaka ambayo hata wao hawakuikumbuka. Hatukuwa na mwili, wala sanda. Sanda ulikuwa nayo wewe.

Siku ya tatu, watu wakitawanyika, Mama aliniita. Macho yamemvimba, sauti imekwisha. Akasema: "Yeye anafikiri tulikufa."

Nikasema, ndiyo.

"Mpaka leo anafikiri vile."

Nikakaa kando yake kwenye mkeka.

"Basi umuandikie," akasema. "Asikae kule kutulilia bure."

Ndiyo maana ya barua hii. Sijui inakufikia kwa njia gani. Kesho nitaisoma ufukweni kabla wenye bidoni hawajafika, nitamke kila neno juu ya maji, nione kitakachonifuata.

Papa, siku ile ulipopanda mashua, nyumbani hakuna aliyekufa. Mama alikuwa anasonga bugali, anakutukana kwa ajili ya kitambaa chake. Mimi nilikuwa juu ya kigoda na mwiko. Waliokufa ni wale tu wa kwenye chupa.

Pumzika sasa. Iweke chini ile sanda.

Ni mimi binti yako, mzima.