Baba Yetu, Mkubwa Khatib, Mrushaji wa Besiboli na Diwani

Leo umetimia mwaka mmoja, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Ijumaa, nyumbani Acocks Green, hapa Birmingham, chai yako ikiwa bado ya moto. Tulilia sana. Lakini mwaka mzima huu, kila tukikaa pamoja kukutaja, hatufiki mbali kabla ya mmoja wetu kuanza kucheka.

Nani mwengine aliyetoka Zanzibar kwenda Kuba kusomea mashine, akarudi na cheti mkono mmoja na glavu ya besiboli mkono wa pili? Ulipohamia Birmingham na kupata kazi katika karakana ya vyuma Hockley, jambo la kwanza ulilowauliza wenzako ni wapi watu wanacheza besiboli. Walidhani umekosea jina la kriketi. Ukaipata timu ya Jumapili, na kwa miaka minane ukawa mrushaji wao. Mpira wako ulikuja taratibu, kisha ukapinda mbele ya gongo, mpigaji akabaki kupiga upepo. Mama alikaa pembeni na chupa ya chai, hajui sheria hata moja, akishangilia timu zote mbili.

Kisha ikaja fainali ya mwaka 2003. Mlikuwa mnaongoza, imebaki raundi moja, pale mpira ulipokuteleza ukamvunja kidole mpigaji wa upande wa pili, Hamse, Msomali aliyelelewa Nairobi. Uliweka glavu chini, ukamtia garini umpeleke hospitali. Nahodha wako alikufuata mpaka mlangoni mwa gari akikusihi umalize raundi ile, kwani hapakuwa na mrushaji mwengine.

"Nimemuumiza mimi," ukamjibu, "nitampeleka mimi."

Timu ikafungwa. Wenzako hawakusema nawe wiki tatu.

Hospitalini mlisubiri kwa muda wa saa tano. Mkaona kina mama wakiingia wamerowa chapachapa kwa mvua ya jioni ile, watoto mikononi, kwa sababu kituo cha basi kilikuwa kimeondolewa getini na kupelekwa mbali, mwisho wa barabara. Ulilalamika mpaka Hamse, kidole kimefungwa bandeji, akachoka.

"Mzee, mimi si serikali," alikwambia. "Gombea udiwani, uyaseme haya kwa wanaohusika."

Ulipotueleza nyumbani tulidhani mzaha. Mama peke yake alikutazama usoni akajua. Mara ya kwanza ulishindwa kwa kura kumi na tisa, ukampelekea mshindi halua, naye hakujua aile na nini. Mara ya pili Hamse alipiga hodi nawe nyumba kwa nyumba, akiwaonyesha watu kidole chake kilichopinda: "Huyu ndiye aliyenivunja. Na ndiye aliyebaki nami."

Ukashinda.

Miaka miwili ulikipigania kituo kile, kikao baada ya kikao. Wakubwa walikwambia basi haliwezi kusimama pale. Ukaenda na tepu ya kupimia, ukapima barabara mwenyewe, ukarudi barazani na michoro uliyoichora kwa mkono wa fundi. Wakakubali.

Siku basi la kwanza liliposimama getini, hukutaka hotuba. Ulipanda, ukashuka kituo cha pili, ukavuka barabara, ukarudi. Ukapanda tena. Ulifanya hivyo mara nne, umevaa suti yako ya Idi, unatabasamu peke yako. Dereva wa mwisho akakuuliza kwa upole kama umepotea. Mama alikuwa amesimama kituoni anakungoja, akamjibu yeye.

"Hajapotea," alisema. "Amefika."

Mwenyezi Mungu akurehemu, Baba. Unakumbukwa na mkeo Mwanakhamis, wanao Zainab na Abdulnasir, mkweo Raisa, wajukuu zako wanaokuita Babu hata wakizungumza Kiingereza, na Hamse, ambaye Mama humwekea sahani mpaka leo.

Haitapita siku tusikukumbuke.