Maji ya Begani

Alhamisi, Bwera

Bega bado linauma. Leo kocha wetu wa mpira wa wavu alitupigisha sevu mpaka nikashindwa kuinua mkono, kisha akaniambia, "Pumzika siku mbili, la sivyo huendi mashindano ya Kasese." Naogopa kuachwa.

Zamani tukitoka mazoezini, dada yangu Masika alinimwagia maji baridi ya mto begani, akinikataza kutaja mpira mpaka tumalize kula. Sasa ameolewa Butembo, huko Kongo.

Leo nilijaribu peke yangu kwa jagi, maji yote yakaishia chini. Jirani yetu Mkongo, Mama Kavira, akaninyang'anya jagi.

"Mutu hawezi kujimwangia maji ku mugongo, mutoto yangu. Inama."

Nililia kidogo, nikasingizia baridi ya maji.