Saa ya Msikiti

Ijumaa, baada ya alasiri

Ni mimi niliyeiua saa ya msikiti, ile ya taa nyekundu inayoonyesha nyakati za sala. Niliisasisha programu yake watu walipokwisha kuondoka, umeme ukakatika katikati, haikuwaka tena.

Duka la Tanga lililotuuzia limekataa kutubadilishia: "Mmeichezea programu." Lawama zimemwangukia Bakari, mwadhini wetu, kwa kuwa ndiye anayeitunza.

Leo kaja kunijulia hali. "Shikamoo, Mwalimu. Mimi hata simu ya tochi yanishinda, ningeichezeaje?"

"Marahaba. Mungu anajua."

Daktari kishaniambia siku zangu ni chache, na bado naogopa aibu ya...

Bakari karudi kuniambia ameacha uadhini. Funguo za msikiti kanikabidhi mimi, eti ndimi pekee nisiyemshuku.