Viatu vya Fundi Saa

Kwako Dada yangu,

Pokea salamu zangu, na za wote walio huku. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba miguu, kama bado inavimba, umeiweka juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, si kama unavyojiagiza mwenyewe. Shemeji hajambo? Watoto hawajambo? Mwambie yule mdogo kuwa picha aliyonichorea nimeibandika jikoni, ingawa mpaka leo sijajua kama ni mimi au ni mbuzi. Sisi huku hatujambo. Baba naye hajambo, na najua hukuuliza.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu, Dada, wewe huongea na mimi huitikia. Imekuwa hivyo tangu ulipokuwa ukinisuka nywele, na kila nikilikaribia jambo lenyewe unakuwa umeshaniaga. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Nakuomba uisome yote, hata ukifika mahali ukatamani kuichana.

Niko ziwani wiki ya pili sasa, namsaidia Baba kufunga vitu. Amekubali hatimaye kuhamia kwangu mjini, maana macho yamepungua nguvu na ngazi za gati zimeoza. Mashua kumi kati ya zile alizokuwa akikodisha zimechukuliwa na watu wa ng'ambo, waliokuja na lori wakazipakia zikiwa zimelala kifudifudi. Zimebaki mbili ambazo hakuna aliyezitaka, Mvivu na Shangazi. Mvivu bado anavuta kushoto hata akiwa nchi kavu, naapa, ukimtazama tu unajikuta umepinda shingo.

Mchana nikichoka nakwenda kukaa kwenye gati, miguu ndani ya maji. Hapo nashikwa na kitu ambacho si usingizi wala si kukesha. Maji yanagonga nguzo taratibu, jua linapita kwenye nyufa za mbao, na mara nasikia harufu ya rangi ya kijani na lami, ile ya kila mwanzo wa msimu, na wateja wote wanarudi mmoja mmoja kama vile hakuna hata mmoja aliyezeeka. Namwona mwalimu wa hesabu akikataa kabisa kupanda mashua yoyote isipokuwa namba saba. Nawaona wale mapacha waliokuwa wamenuniana miaka na miaka, lakini kila Jumapili wakikodi mashua moja, wakikaa wamepeana mgongo, mmoja akivua upande huu na mwenzake upande ule. Unakumbuka tulivyokuwa tukicheka mpaka tunashika mbavu? Naye kinyozi, ambaye hakuwahi kurudi na samaki hata wa kumwonyesha paka, maana akifika katikati ya ziwa alikuwa akijilaza na kofia usoni. Wewe ndiye uliyesema huyu hakodi mashua, anakodi kitanda.

Na nyuma yao wote naiona rafu ya viatu pale mlangoni mwa banda. Nimeipangusa vumbi jana. Baba alikuwa akisema karatasi hulowa na majina husahaulika, lakini hakuna mtu anayekwenda nyumbani bila viatu vyake. Kwa hiyo kila aliyekodi aliacha viatu kwenye rafu, juu ya namba ya mashua yake, akashuka pekupeku. Jua likianza kuinama Baba alitupa jicho tu kwenye rafu. Viatu vilivyobaki ni watu walio bado majini. Rafu ikiwa tupu, alifunga banda na moyo wake ukatulia.

Na kulikuwa na lile lingine. Unajua Baba hawezi ugomvi, hata mbwa hajui kumfokea. Mteja aliyelewa akataka kusimama kwenye mashua, au aliyevunja kasia akalificha chini ya nyavu, hakuambiwa neno. Akirudi kutoka majini alikuta viatu vyake havipo kwenye rafu. Vilikuwa nje ya geti, vimepangwa vizuri, ncha zimeelekea barabarani. Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yake. Hakuna aliyewahi kurudi kuuliza sababu. Kila mtu wa pale ziwani alijua maana yake, na nadhani walimshukuru Baba kwa kutowaaibisha mbele ya watu.

Sasa nikuulize, unamkumbuka fundi saa? Najua swali hilo ni la kijinga. Mimi namkumbuka kuliko ninavyostahili. Kila Alhamisi alikuja na viatu vyeusi vya kamba vilivyong'aa, soksi akazikunja akaziweka ndani, kimoja kimoja, kama anayelaza watoto. Kupiga kasia hakujua. Alikuwa akizunguka mahali pamoja kama mkono wa saa, na kopo la chambo alilirudisha limejaa vilevile alivyolichukua. Nilikuwa mtoto, lakini mtoto si kipofu. Alikuwa akikuomba wewe kopo la kutolea maji, kisha kamba, kisha kopo tena, na wewe uliyekuwa mwepesi kama kunguru ukawa unachukua nusu saa kutafuta kopo lililokuwa miguuni pako.

Usiku ule uliponinong'oneza kitandani kuwa Alhamisi ijayo, akitoka majini, atamwomba Baba kuzungumza naye, nilikukumbatia. Ulisema anataka kwanza apige kasia kidogo ili apate ujasiri. Tukacheka chini ya shuka.

Alhamisi ikafika. Ulikuwa ndani unapiga pasi gauni la bluu, Baba yuko mwisho wa ufuko anapaka rangi. Ukangoja kuitwa. Hukuitwa. Ulipotoka, namba nne, mashua aliyoikodi, ilikuwa imefungwa gatini na rafu tupu. Baba akasema hajamwona akirudi. Kesho yake kinyozi akakwambia, bila kujua anakuchoma, kwamba alimkuta fundi saa amekaa kwenye jiwe nje ya geti akivaa viatu, na kwamba alimsalimu lakini hakuitikiwa. Ukaenda kwa Baba. Ukamuuliza kama ni kweli ametoa viatu vya mtu yule nje. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba alitupa jicho mlangoni, akainama akatazama meza, kisha akasema kama ndivyo unavyoona mwanangu, basi na iwe hivyo.

Mwezi haukuisha ukaondoka. Ni miaka ishirini na tatu. Wajukuu wake wawili hajawahi kuwapakata. Nilipokwambia kwenye simu kuwa atahamia kwangu, ulisema kwa sauti ile yako ya chini kwamba basi na kwangu hutakanyaga tena. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Dada, si Baba aliyevitoa vile viatu. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama alipofariki nilikuwa na minne, sura yake naijua kwa picha tu. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniogesha, ukinisuka, ukinipuliza nilipojikata. Uliponinong'oneza habari yako ulidhani nimefurahi, na mimi nilikuwa naona tu kitanda chetu kikiwa na mtu mmoja. Sikukufikiria wewe hata kidogo. Nataka hilo ulijue bila kulipamba. Fundi saa aliposukuma mashua na wewe ukaingia ndani kuwasha pasi, nilivichukua viatu vyake, vilikuwa na joto la jua, nikavipeleka nje ya geti nikavipanga kama nilivyomwona Baba akipanga. Kisha nikaingia chini ya Shangazi, aliyekuwa amelazwa kifudifudi kwa ajili ya kupakwa lami, nikachungulia.

Alirudi. Alifunga mashua mwenyewe, fundo baya. Akasimama mbele ya rafu, akapitisha kiganja pale palipokuwa patupu. Halafu akatembea pekupeku mpaka getini akavikuta. Aligeuka mara moja akatazama dirisha la nyumba. Nilidhani atauliza, maana wakubwa huuliza. Nilikuwa nimeshaanza kulia, nikajiambia akiuliza nitatoka. Hakuuliza. Alikaa kwenye jiwe akavaa soksi, akafunga kamba, akafungua, akafunga tena, akaenda zake. Nimemtafuta, Dada, nikiwa mtu mzima. Duka lake pale mjini sasa wanatengeneza simu, na hakuna anayejua alikohamia.

Nilidhani litapita. Nilidhani utalia siku mbili tatu kisha utanisuka nywele kama kawaida. Ulipoondoka niliogopa kusema usije ukaacha kunipenda, na wewe ukaja ukanichukua ukanisomesha, ukaniuguza, ukanisimamia arusi yangu. Kila wema ulionitendea uliniongezea kufuli mdomoni. Ukiniita mdogo wangu wa roho, nilikuwa nikitazama pembeni.

Jumanne, tulipokuwa tukiishusha ile rafu, nilishindwa. Nilikaa chini sakafuni nikamwambia Baba yote, nikalia kama nilivyolia chini ya Shangazi. Baba aliendelea kung'oa misumari. Alipomaliza akasema kwamba alijua. Akasema nyumba ile ilikuwa na watu watatu tu waliojua kupanga viatu namna ile, yeye hakuvipanga, na wewe usingejifanyia hivyo, kwa hiyo hesabu haikuwa ngumu. Akasema hata yeye alitaka kumfuata fundi saa, alikwenda dukani kwake siku ya pili akakuta pamefungwa, na alipokwenda tena akaambiwa amehama. Hakuwahi kukwambia hata hilo.

Nikamuuliza kwa nini alikubali lawama isiyo yake. Aliikusanya misumari kwenye kopo. Kisha akasema ulipokuja na swali lako alinitazama pale mlangoni, akaona mtoto asiye na mama, na akajiambia huyu akimkosa na dada yake atabaki na nani. Akasema yeye ni mtu mzima, achukiwe yeye, atazoea.

Dada, hakuzoea. Kila gari likisimama barabarani anainua kichwa. Nimekaa naye wiki mbili na nimehesabu, hajakosa hata mara moja.

Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Ukiamua kutonipigia simu tena nitakuelewa, na nitabaki mdogo wako hata kama wewe hutataka kuwa dada yangu. Ninachoomba ni kimoja tu. Hasira uliyombebesha Baba, ichukue kwake uilete kwangu, ndiko ilikotakiwa kuwa siku zote. Jumamosi ijayo tutakuwa tumeshafika mjini. Ukija, usiogope kunikuta, nitakwenda sokoni na nitakawia huko kadiri utakavyotaka. Njoo umwone angali anatambua sura za watu. Waje na watoto.

Nisalimie Shemeji, na wabusu wanangu wote wawili. Utumie dawa zako za miguu. Baba amenisikia nikiandika na ameuliza kama ni barua yako, nikasema ndiyo. Amesema nikuulize hali yako, halafu akasema basi, usiulize, atachoka kujibu.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuwa nikikuogopa kwa kukupenda.