Mashina ya Mbaazi Uliyoniachia

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo huko uliko. Najua utaitikia marahaba kisha uulize papo hapo, "Shamba je?" Ngoja, baba. Leo nina maneno, na nataka kuyasema taratibu niyafaidi.

Unakumbuka konde letu la hapa Mkange lilivyotutesa? Juu udongo laini, na chini yake, kina cha kiganja tu, sakafu ngumu ambayo jembe likiigusa linalia. Masika maji yalisimama juu kama kwenye sinia. Jua likitoka yanakauka, na mtama unanyauka kabla haujatoa suke. Siku moja uling'oa mche ukanionyesha mzizi uliopinda na kutambaa pembeni. "Una kiu, na maji yako chini yake," ukasema. "Umekosa mlango tu."

Ndipo ukapanda mbaazi konde zima. Ami, ndugu yako, alicheka mpaka kofia ikamwanguka: mtu mzima aacha nafaka, apande kitoweo! Wewe ukaendelea kupalilia, kifua kikikubana, ukaniambia, "Mzizi wa mbaazi mbishi kama wewe. Utapita."

Ulifariki tulipokwisha kuzivuna. Siku ya hitima yako wanawake walikwenda kondeni kutafuta kuni za kupikia, na wewe wajua desturi yetu: mbaazi ikishavunwa hung'olewa pamoja na mzizi wake. Nilikimbia na kaniki yangu ya msiba nikawazuia. "Kateni kwa panga! Mizizi iacheni ioze humo humo!" Wakanong'onezana kwamba uchungu umenipanda kichwani. Ami akakasirika kwa kuaibishwa mbele ya wageni. Akasema ananiachia konde masika moja tu. Mtama ukinyauka, atampa mwanawe, nami nihamie jikoni kwake.

Nililia, baba. Kisha masika ilipokaribia nikachukua muo wako, nikachimba mashimo na kupanda mtama ubavuni mwa kila shina lililokatwa, ili mzizi wake ushukie mlango uliotobolewa na mzizi wa mbaazi.

Mvua ilikatika mapema, tena vibaya. Mtama wa ami ulikunja majani. Wetu ulisimama kijani, masuke yakainama kwa uzito, mpaka watu wa Miono wakaja kutazama. Ami naye akaja. Akashika mche mmoja akauvuta, ukagoma. Akakaza miguu, akavuta tena. Ukakatika mkononi, naye akaketi chini puu! Nilicheka kwa sauti, nisamehe. Alipoinuka akajipangusa kanzu, akasema, "Konde ni lako." Halafu, kwa sauti ndogo, akaniomba mbegu ya mbaazi.

Ghala limejaa, baba! Wapagazi wanaopeleka pembe Saadani wanapita kwetu kununua chakula. Sadaka yako nimeitoa kwa mtama wa konde lenyewe. Nakukosa hasa nikiwa natwanga, maana hukuwahi kuuonja.

Mwaka huu nilipanda mbaazi nyingine mpakani, nazo nimekwisha kuzivuna. Jana kulikuwa na harusi kwa jirani, na wanawake walewale wakaja kutafuta kuni. Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Waliinama mmoja mmoja, wakakata kwa panga, na mizizi wakaiacha.

Lala salama, baba. Mzizi umepita.

Ni mimi,
binti yako mbishi