Neno Langu la Siri

Kanamkemer, Lodwar

Mwanangu Nasimiyu, ejok, hujambo?

Mbuzi wetu amezaa mapacha. Kanisani nimewatangazia kwamba binti yangu wa Kakuma anajaribu tovuti, si nguo kama binti zao!

Hiyo tovuti yako nimeijaribu ulivyoniagiza. Nilipokosea neno la siri makusudi, ilinijibu, "Hatukutambui." Ndivyo nilivyomwambia mchumba wako Baudouin hapa mlangoni alipokuja kukuposa, nawe ukamfuata huko Kakuma, miaka miwili sasa.

Nikaandika lile la kweli, ikanifungulia. Ulisema nisimwambie mtu, lakini wewe ni wangu. Ni "rudininyumbani", herufi zimeshikana. Soma vizuri, mwalimu wangu wa kompyuta: sikuandika rudi, niliandika rudini.

Mama yako anayekutambua,
Bilha