Shavu Lililobaki

Mwaka mmoja umetimia leo, Baba, tangu mashine yako ya kunyolea inyamaze. Wewe ungesema mwaka hautoshi hata kumaliza wimbo mmoja wa ile bendi uliyoipenda, wale waliokuwa wakipiga gitaa weee, mpaka msikilizaji asahau kwamba kuna mwimbaji. Kwetu umekuwa mrefu, Baba. Mrefu haswa.

Mtaani bado wanakuita Nusu Kichwa. Wageni hudhani ni matusi, lakini waliowahi kukaa kwenye kiti chako wanajua. Ulikuwa unaweka kaseti kwenye redio, unanyoa taratibu, na wimbo ukiisha unauliza, "Enhe, unaonaje?" Ole wake mteja akisema "nzuri tu." Hapo hapo mashine inazimwa, wewe huyo kwenye benchi umekunja mikono, na mwenzio upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande wa pili kichaka.

"Fundi, nachelewa kazini bwana!"

"Nenda. Mlango uko wazi."

"Nitaendaje hivi?"

"Basi sema. Nzuri vipi? Umependa sauti, maneno au ngoma? Kama hujapenda sema hujapenda, hakuna polisi hapa."

Kuna dereva wa lori alikuja juu siku moja, akafoka, "Huyu mama anaimba kama anamgombeza jirani, ila huyo jirani mwenyewe anampenda!" Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Ukamnyoa na ndevu juu yake, na tangu siku hiyo akawa anapitisha lori kwako hata akiwa hana nywele za kunyoa.

Wengi walidhani unataka wakubaliane na wewe. Wapi! Ulitaka mtu aseme lake. Yule mzee jirani alipopoteza usikivu, watu waliacha kumsemesha. Wewe ulimshika mkono ukauweka juu ya spika, ukasubiri wimbo uishe, kisha ukamwandikia swali lako kwa kidole kwenye mgongo wa mkono wake. Akasema ngoma inakimbia mno. Ukamwambia ndiyo, nami naona hivyo, ukitikisa kichwa kwa nguvu ili aone.

Nyumbani nako hatukupumua. Mama alisema mwimbaji wako kipenzi, yule wa sauti ya mkwaruzo, anaimba kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Chakula kilipoa mnabishana. Kuna riwaya uliyoitupa chini ya kitanda kwa sababu mwandishi alimuua mkunga sura ya mwisho. Ulinuna kama umefiwa kweli. Mama akasema, "Angemwacha hai ningejua ananidanganya." Ukapiga magoti kuitafuta, ukaisoma upya. Kesho yake ulimwambia, "Mke wangu, hapo umenipata." Tulifurahi mno siku ile, basi tu hatukusema.

Halafu ikaja ile asubuhi ya wodini. Mama alikuwa anakunyoa ndevu kwa wembe, amemaliza shavu moja, ukamshika mkono.

"Na mimi je? Unanionaje?"

Muuguzi alikuwa anaingia na dawa, watu wa kitanda cha jirani wanatazama. Mama akababaika. "Mzuri tu," akasema.

Ulitabasamu, Baba. Ukausukuma ule wembe pembeni. "Mzuri tu! Wewe wa kuniambia hivyo? Acha hapo hapo. Nasubiri jibu."

Hakuna aliyejua kwamba muda umekwisha. Mchana ule ule ukatutoka, shavu moja safi, la pili na ndevu zake. Mama alikataa katakata shavu hilo liguswe na mtu. "Ananisubiri mimi," alisema, na hakueleza zaidi. Tangu hapo redio haijawashwa. Tukimtajia wimbo anatoka nje kuanua nguo, hata kama kamba haina nguo.

Juzi mjomba, shemeji yako mwalimu, alituandikia rasimu ya tangazo hili la kumbukumbu. Aliandika vizuri: ulikuwa mtu mwema, mcheshi, mpenda watu. Mama akasoma, akavua miwani.

"Huyu ni nani?"

"Dada, ni shemeji," mjomba akasema.

"Hii ni nzuri tu. Mwenyewe angezima mashine." Akavuta kiti. "Andikeni jibu langu."

Tukaandika, Baba, neno kwa neno:

"Ulikuwa na kelele. Uliimba nje ya sauti, tena kwa kujiamini. Ulipenda kunikatiza nikisimulia, na kuhusu yule mwimbaji wa mkwaruzo ulikosea na bado umekosea. Lakini nilipokuja kwako nilikuwa msichana wa kusema 'sawa' kwa kila kitu. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuniuliza napenda nini. Wewe uliniuliza, ukazima redio, ukakaa kimya mpaka nikajijua. Hukuwahi kucheka neno langu kabla halijafika mwisho. Ningeolewa na wewe tena, kesho asubuhi, ila ningekupunguza sauti kidogo. Ndivyo ninavyokuona."

Alipomaliza alilia, nasi tukalia. Kisha akainuka, akawasha redio, akaweka kaseti ya yule yule wa mkwaruzo. Akaisikiliza yote. Bado haipendi.

Unakumbukwa na mke wako, watoto wako wanne, wakwe zako, shemeji yako mwalimu, wajukuu ambao tayari ni wabishi, na kila aliyewahi kutoka kwenye kiti chako kavaa kofia. Hatutakusahau, Baba, maisha yetu yote.

Mama anasema: haya, nimejibu. Geuza shavu nikumalizie.